Kilo za Samaki, Sentimita za Maji: Bwawa Linalozalisha Samaki na Kulea Ndege

Mwenye bwawa la samaki akitamani ndege, jambo la kwanza linalomjia ni kujenga: kisiwa katikati, vibanda vya kutagia, nguzo za mdiria kutua. Kisha bwawa hubaki tupu, au hupata mnandi, ndege wa majini mla samaki, peke yake. Sababu haiko juu ya maji. Iko chini kwenye tope, na hupimwa kwa kilo za samaki kwa hekta.

Ndege wanaokula samaki ni sehemu tu ya ndege wa bwawa. Bata, kukuziwa, sile-maringo, chamchanga na ndege wadogo wa kwenye matete huishi kwa konokono, lava wa wadudu, mbegu na majani yanayoota chini ya maji. Hata bata ambao ukubwani hula majani na mbegu, vifaranga wao huhitaji wadudu katika wiki za mwanzo, kwa kuwa manyoya na misuli hujengwa kwa protini. Samaki wa kufugwa naye anakula vitu hivyohivyo. Anayepanda samaki wengi kupita kiasi amewapokonya ndege chakula kabla hawajatua, na hakuna kisiwa kitakachofidia.

Hesabu ya samaki

Samaki aitwaye kapi ndiye mfano mzuri zaidi, kwa sababu hula kwa kuchimbua. Huingiza mdomo kwenye tope, hufyonza, huchuja lava na konokono, kisha hutema kilichobaki. Wakiwa wengi, maji hugeuka rangi ya udongo, mwanga haufiki chini, majani ya majini hung'oka au hufa, na fosforasi iliyokuwa imetulia kwenye tope hupanda na kulisha mwani. Majani yakishatoweka, konokono na lava waliokuwa wakijificha ndani yake hutoweka pia.

Kiwango kinachotajwa sana kwa mabwawa ya kapi ni kilo 400 kwa hekta, yaani gramu 40 kwa kila mita ya mraba. Kwa maoni yangu hiyo ni dari, si lengo. Majani ya chini ya maji huanza kupungua mapema zaidi, na anayetaka vibisi na bata watage alenge chini ya kilo 200 kwa hekta wakati viota vinaanza.

Wakati huo ndio muhimu kuliko uzito wa mavuno. Chukua bwawa la hekta 1 ambalo unataka livunwe kilo 400 za kapi wa kilo 1 kila mmoja. Unahitaji samaki 400 wawe hai siku ya kuvuna. Ukikadiria kwamba robo watakufa au kuliwa, unapandikiza 533. Wakiwa na gramu 150 kila mmoja siku ya kupandikizwa, bwawa linaanza na takribani kilo 80 tu. Ikiwa upandikizaji umefanyika muda mfupi kabla ya msimu wa kutaga, vifaranga wa ndege watakuta tope bado lina chakula, na samaki watafikia uzito mkubwa wakati vifaranga wameshajua kuruka. Ukipandikiza samaki hao hao wakiwa na gramu 500, unaanza na zaidi ya kilo 260, na msimu wa vifaranga umekwisha kuharibika hata kabla haujaanza.

Chakula cha nyongeza hakibadili hesabu hii. Kapi aliyelishwa nafaka haachi kuchimbua. Anakua tu upesi zaidi na kufikia dari mapema. Kama ni lazima kulisha, weka chakula juu ya sinia lililozamishwa mahali pamoja, ulitazame baada ya saa 2, na chakula kikibaki upunguze kesho yake. Chakula kinachooza kinameza oksijeni na kurutubisha mwani, hasara mara mbili. Samadi nayo ina kikomo: kidogo huamsha wadudu wa majini, nyingi hugeuza maji kuwa ya kijani kizito na asubuhi samaki wanapanda juu kuhema.

Perege hana tabia ya kuchimbua kama kapi, ila huzaana bila kipimo. Jike na dume wakiachwa pamoja, baada ya miezi michache bwawa limejaa samaki wadogo wanaomaliza wadudu wanaoelea majini. Wafugaji hutatua jambo hili kwa kupanda madume pekee au kuongeza kambare wachache wa kula vifaranga wa perege. Samaki wadogo wanaozidi si hasara tupu, maana mdiria, kibisi na yangeyange hufurahia ukubwa huo. Lakini bwawa lililojaa wao huwapunguzia bata chakula, na hapo inabidi uchague unamlea nani. Kapi mla majani, yule anayeletwa kusafisha magugu, simshauri kabisa kwa bwawa la ndege. Akishamaliza majani laini hugeukia machipukizi ya matete, na kumtoa ni lazima ukaushe bwawa zima.

Mwenye mabwawa kadhaa ana nafasi nzuri zaidi. Asisambaze samaki sawasawa kila mahali. Atenge bwawa moja la vifaranga wa samaki pekee, ambao uzito wao wote ni mdogo na hawachimbui tope, na kama anaweza aache jingine bila samaki kwa mwaka mzima. Mabwawa hayo mawili yanaweza kubeba vifaranga wa bata wengi kuliko mengine, na mwaka unaofuata zamu inahamia kwingine.

Kifaa cha kukuonyesha unakoelekea ni rahisi: kisahani cha upana wa sentimita 20, robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi, kimefungwa kwenye kamba yenye alama kila sentimita 10 na uzito chini yake. Kishushe upande wenye kivuli hadi kisionekane, soma kina. Zaidi ya sentimita 60, majani ya chini ya maji yanapata mwanga wa kutosha. Kati ya 30 na 40 bwawa lina rutuba nyingi na majani yanahangaika. Chini ya 20, acha kulisha siku hiyo hiyo na utafute chanzo. Chota maji kwenye glasi: yakituama na kuacha tope chini baada ya saa chache, anayeyachafua ni samaki au upepo, yakibaki ya kijani, ni mwani na rutuba iliyozidi.

Maji yashuke lini, yapande lini

Hapa ndipo bwawa la samaki linaposhinda ziwa la kawaida, kwa sababu lina mlango wa kutolea maji na mtu wa kuuendesha. Mlango bora kwa kazi hii ni ule wenye mbao zinazopangwa juu ya nyingine ndani ya mifereji miwili sambamba, na udongo wa mfinyanzi ukishindiliwa katikati ili kuzuia kuvuja. Mbao ziwe za kimo cha sentimita 10, si 25. Kila ubao unaoondolewa unashusha maji kwa kimo chake, na mbao pana hukunyima uwezo wa kwenda polepole. Mbele yake wavu wa kuzuia samaki usafishwe kila siku maji yanapotoka, kwani majani yakiuziba, maji hupanda na kupita juu ya tuta.

Wakati wa kutaga, maji yasisogee. Kibisi hujenga kiota kinachoelea, kimefungwa kwenye mashina ya majani. Kukuziwa huweka chake sentimita chache juu ya maji. Maji yakipanda ghafla, mayai huzama. Yakishuka, kiota hukaa juu ya tope na mbweha, nguchiro au paka hufika kwa miguu. Mabadiliko yasizidi sentimita 10 kwa msimu wote huo, na mvua kubwa ikitabiriwa, toa ubao mmoja kabla, urudishe baadaye.

Vifaranga wakishaanza kuruka, na hasa ndege wahamao wanapopita, ndipo tope linapotakiwa lionekane. Shusha wastani wa sentimita 2 hadi 3 kwa siku, yaani ubao mmoja kila siku 4 hivi. Chamchanga wadogo hutafuta chakula kwenye tope tupu na maji yasiyozidi sentimita 5. Kwarara, domomwiko na kulastara husimama kwenye maji ya 10 hadi 20. Bata wanaozamisha kichwa tu huishia kwenye 30 hivi. Kushuka polepole kunaupeleka mstari huo wa chakula mbele kila siku, na ndege wanaufuata. Ukifungua mlango wote mara moja, tope lote hubaki wazi, jua hulikausha, linapasuka, na lava hufia ndani kabla hawajafikiwa na mdomo wowote.

Lakini mteremko wa ukingo ndio unaoamua kama zoezi hili litafaa. Kwenye tuta la kawaida, lenye mteremko wa 1 kwa 2, kushusha maji sentimita 10 kunafichua ukanda wa sentimita 20 tu. Kwenye mteremko wa 1 kwa 15, sentimita hizo hizo zinafichua mita moja na nusu. Si lazima kubomoa tuta. Chagua upande mmoja, ule usio na njia ya watu, na udongo unaotolewa wakati wa kuchimbua bwawa umwagwe hapo kutoka chini ya tuta kuelekea ndani hadi mteremko ufikie angalau 1 kwa 10. Tuta lenyewe ndani yake libaki imara. Usilichimbe kamwe ili kupata udongo wa ukingo.

Tope likiachwa unyevu kwa wiki 8 hadi 12, huota mimea ya msimu mmoja yenye mbegu nyingi. Ikishakomaa, rudisha maji hadi sentimita 10 au 25 juu yake, na bata watakula mbegu hizo kwa wiki kadhaa. Jaza kidogokidogo. Mimea mingi ikizamishwa kwa siku moja wakati wa joto, huoza kwa pamoja na kumaliza oksijeni, kwa hiyo samaki wapya wasubiri wiki 2 au 3 na oksijeni ipimwe alfajiri, saa ambayo huwa chini kabisa. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, bado.

Kukausha kabisa kuna faida nyingine ambayo wafugaji wameijua kwa karne nyingi. Katika eneo la Dombes nchini Ufaransa, mabwawa hukaa na maji miaka kadhaa, kisha hukaushwa mwaka mmoja na kulimwa nafaka. Hewa inaingia kwenye tope, mabaki yaliyorundikana yanaoza vizuri, vimelea na samaki wasiotakiwa hufa, na maji yanaporudi wadudu huzaliana kwa wingi. Katika mwaka huo wa kwanza wa maji mapya, wenye samaki wachache, bwawa huwa bora kabisa kwa ndege. Sharti ni moja: mabwawa ya jirani yasikaushwe kwa pamoja. Yakikauka yote mwezi mmoja, ndege hawana pa kwenda.

Chokaa baada ya kukausha itumike kwa akili. Chokaa ya kilimo, tani 1 hadi 2 kwa hekta kwenye tope lenye asidi, hurekebisha udongo bila kuua. Chokaa iliyochomwa ni kali, huunguza ngozi na macho na kuua kila kilicho hai. Itumike kwenye vidimbwi vilivyobaki vyenye samaki wasiotakiwa pekee, na ndege wasiruhusiwe kutua hapo siku hizo.

Siku ya kuvuna, samaki hukusanyika kwenye shimo la kuvunia karibu na mlango. Hatua ya mwisho ianze usiku, mavuno yaishe asubuhi, na shimo libaki na maji safi yanayoingia, kina cha sentimita 40 au zaidi. Samaki wadogo wasio na soko waachwe kwenye dimbwi la kina kifupi upande wa pili. Katika mabwawa ya kale ya Třeboň, Jamhuri ya Czech, na ya Milicz, Poland, tai na kulastara hukusanyika majira ya mavuno kwa ajili ya masalia hayo. Maji ya mwisho ndiyo machafu zaidi. Yapitishe kwenye bwawa jingine au mfereji mpana yatuame kabla ya kufika mtoni.

Matete, visiwa na vyelezo

Ukanda wa matete wa mita 1 ni pambo. Ndege wanaotaga ndani wanahitaji mita 5 hadi 10, na sehemu yake iote ndani ya maji ya sentimita 30 au zaidi ili wanyama wasipite. Matete yakiachwa miaka mingi hujaza majani makavu, ardhi hupanda na mwishowe vichaka huingia. Yakikatwa yote kwa mwaka mmoja, mwaka huo hakuna kiota. Kata robo kila mwaka, nje ya msimu wa kutaga, na utoe nje ulichokata. Urefu wa kukata unategemea nia yako: juu ya maji, mashina hubaki na njia ya kupeleka hewa mizizini na yatachipua; chini ya maji, mizizi hukosa hewa na kufa. Njia hii ya pili ndiyo ya kufungua vijia na vidimbwi ndani ya matete bila dawa yoyote. Ukingo wa matete unaopindapinda una viota vingi kuliko ulionyooka.

Magugumaji ya kigeni yanayofunika uso wote yatolewe kwa mkono mapema, yakiwa bado kona moja. Sile-maringo anahitaji majani yanayoelea, lakini yungiyungi linamtosha, na halifungi bwawa.

Kisiwa kiwe angalau mita 15 kutoka ukingoni, na maji ya kati yawe na kina cha zaidi ya sentimita 60 hata wakati wa kushusha, la sivyo ni rasi tu kwa mbweha. Kingo zake ziwe za mteremko mdogo. Buabua hupenda kokoto tupu, bata hupenda nyasi, kwa hiyo kisiwa kimoja hakiwezi kuwafaa wote bila kugawanywa. Pale ambapo kisiwa hakiwezekani, chelezo cha mapipa ya plastiki yaliyofungwa vizuri kinatosha: tabaka la kokoto sentimita 5 hadi 10, kingo za sentimita 15 ili vifaranga wasidondoke, na ubao wa mteremko wa kuwapandisha wakidondoka. Funga nanga mbili, kila kamba ndefu kuliko kina mara moja na nusu.

Wanaokula samaki

Mnandi mkubwa hula takribani nusu kilo ya samaki kwa siku. Ndege 40 wakikaa siku 30, hesabu ni kilo 600, na mfugaji mwenye bwawa la vifaranga wa samaki ana haki ya kuwa na wasiwasi. Suluhisho la kudumu ni ukubwa wa samaki: mnandi hupendelea samaki wa sentimita 10 hadi 25, na kapi aliyezidi nusu kilo huliwa mara chache. Linda bwawa la wadogo, wala usihangaike na la wakubwa.

Kwenye bwawa dogo la vifaranga, vuta nyaya nene au kamba za rangi inayoonekana toka ukingo hadi ukingo. Mnandi anahitaji nafasi ya kukimbia juu ya maji ili aruke, na nafasi ikikatwakatwa huhama. Kulastara huja kwa miguu kutoka ukingoni, na kwake kamba mbili zinazozunguka bwawa, moja sentimita 20 na nyingine 35 juu ya ardhi, hufanya kazi nzuri. Ndani ya maji, weka vizimba vya wavu wenye matundu ya sentimita 10: samaki mdogo anaingia, mnandi anabaki nje. Nyavu nyembamba za uzi wa plastiki zilizolegea zisitumike popote. Hunasa bundi, mdiria, popo na bata, na ndege hufa polepole humo bila mtu kujua.

Risasi za madini ya risasi zisipigwe karibu na maji. Bata humeza vijirisasi wakidhani ni changarawe ya kusagia chakula, na sumu yake huua taratibu. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023.

Joto likizidi

Hatari kubwa kuliko zote kwa ndege wa bwawa lenye rutuba ni sumu ya bakteria Clostridium botulinum. Bakteria hao wamo kwenye tope la mabwawa mengi bila madhara. Maji yakipata joto, yakipungua na oksijeni ikiisha, huzaliana ndani ya mizoga. Funza wanaokula mzoga hubeba sumu, bata anakula funza wachache, anakufa, na mzoga wake unazaa funza wengine. Mzoga mmoja ulioachwa unaweza kuanzisha vifo vya mamia.

Dalili ni kupooza: ndege anaburuta mabawa, anashindwa kutembea, kisha shingo inalegea na anazama maji yakiwa na kina cha kidole. Wakati wa joto zunguka bwawa kila siku, pamoja na ndani ya matete, na uondoe kila mzoga wa ndege na wa samaki. Ongeza maji safi kama yapo, na usianze kushusha maji katikati ya wimbi la joto. Ndege aliyepooza lakini bado ameinua kichwa mara nyingi hupona akiwekwa kivulini na kupewa maji safi.

Vaa glavu na barakoa kila unaposhika ndege aliyekufa au anayeumwa, kwa kuwa mafua ya ndege yanaweza kuwa na dalili zinazofanana na mtu hawezi kutofautisha kwa macho. Vifo vya ndege kadhaa kwa pamoja viripotiwe kwa mamlaka ya mifugo kabla ya kuzika, ili sampuli zichukuliwe. Baada ya hapo mizoga ichomwe au izikwe mbali na maji, kina cha mita 1 au zaidi, na mbwa wasiachwe kufukua.